Mtoto asiyesikia vizuri: maswali ambayo wazazi wa Tanga huuliza zaidi

Majibu haya ni ya wazazi, mabibi na walezi wenye mtoto mdogo asiyesikia vizuri, ambao wameamua kumfundisha kusikiliza na kusema. Ni maswali ya kwenye mabenchi ya kliniki na vibarazani, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, na ya wanaoshuka mjini kutoka Muheza, Pangani na Mkinga. Hayachukui nafasi ya daktari. Yanahusu zaidi yanayofanyika nyumbani, maana daktari humwona mtoto mara chache kwa mwaka, na wewe unashinda naye kutwa.

Nitajuaje kama mwanangu hasikii?

Kwanza, usimpime kwa kumpigia makofi nyuma ya kichwa. Mtoto asiyesikia ni mwepesi wa macho na wa ngozi. Huona kivuli chako ukutani, huhisi upepo wa viganja, huhisi sakafu ikitikisika mlango unapobamizwa. Atageuka, na nyumba nzima itashukuru kwamba anasikia. Sufuria nayo hudanganya, kwa njia yake. Mtoto anaweza kuisikia ikianguka jikoni, lakini asisikie mtu akimwambia "njoo ule" kwa sauti ya kawaida. Wengi wa watoto hawa wana kiasi fulani cha usikivu, na kiasi hicho ndicho kinachowachelewesha watu kugundua.

Badala ya makofi, tazama miezi. Mtoto mchanga hushtuka au hutulia akisikia sauti. Akifika miezi sita hugeuza kichwa kumtafuta mama anayezungumza, kabla hajamwona. Kati ya miezi saba na kumi hubwabwaja "bababa", "dadada". Akitimiza mwaka hulijua jina lake na ana neno moja au mawili. Akiwa na miaka miwili huunga maneno: "mama njoo", "sitaki uji". Jambo moja huwapoteza wazazi wengi: mtoto asiyesikia naye hulia, hucheka na hutoa sauti za kitoto katika miezi ya mwanzo kama wenzake. Hunyamaza baadaye, kwa kuwa hajisikii mwenyewe. Kama wako alikuwa akibwabwaja kisha akapunguza, mpeleke wiki hiyo hiyo.

Na roho ikikutuma kwamba hasikii, mpeleke hata kama wifi na majirani wanakuona una wasiwasi wa bure. Mama huwa amejua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baba yake naye alichelewa kusema. Tungoje kidogo?

Hapana. Kuchelewa kusema kunaweza kurithiwa, na uziwi nao unaweza kurithiwa, kwa hiyo habari za baba hazikuambii lolote kuhusu masikio ya mtoto. Mkienda mkaambiwa anasikia, mmepoteza asubuhi moja.

Kungoja kuna gharama. Masikio ya mtoto huanza kufanya kazi angali tumboni, na anayesikia huzaliwa akiwa ameshaisikiliza sauti ya mama yake kwa miezi kadhaa. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na sauti hujijenga kwa kupata sauti, na hujijenga kwa kasi zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Ikikosa sauti, haikai bure: huanza kuchukuliwa na kazi nyingine, hasa ya kuona. Ndiyo sababu Marekani wana utaratibu wa kumchuja mtoto kabla ya kutimiza mwezi 1, kuthibitisha tatizo kabla ya miezi 3, na kuanza kumsaidia kabla ya miezi 6. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, huko Colorado, walionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha nzuri kuliko waliogunduliwa baadaye. Wengi wanaoletwa kwetu wana miaka miwili au mitatu. Hao nao wanasaidika, ila mwezi wa kungoja "labda mwakani atasema" ni mwezi wa kujifunza uliokwenda.

Si udata tu? Bibi yake anataka akatwe.

Udata, yaani ulimi uliofungwa na kile kiuzi cha chini yake, humsumbua mtoto katika kunyonya au kutamka baadhi ya sauti. Haumzuii kuelewa. Mtoto mwenye udata ukimwambia "lete kiatu", bila kukinyooshea kidole, ataleta. Kama haleti, shida haiko ulimini. Kukata kimeo ndiyo kabisa: hakuleti usemi, na wembe wa mtaani huleta damu nyingi na vidonda.

Makombe na dua, familia inayotaka ifanye. Safari ya hospitali tu isiahirishwe kwa ajili hiyo. Na chochote kisimiminwe sikioni, iwe mafuta ya nazi ama maji ya kitunguu saumu.

Tuanzie wapi, na kipimo chenyewe kikoje?

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, au Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, mkaulize kliniki ya masikio, pua na koo. Kama kipimo cha mtoto mdogo hakipatikani, ombeni rufaa ya KCMC Moshi au Muhimbili, na barua iandikwe wazi kwamba mtoto anakwenda kupimwa usikivu. Barua iliyoandikwa "masikio" tu inaweza kuwafikisha kwa mtu wa kusafisha nta.

Mtoto mdogo hupimwa bila yeye kujibu chochote. Katika kipimo cha kwanza, kichwa laini kidogo huwekwa tunduni mwa sikio na kutoa sauti. Sikio zima hurudisha mwangwi hafifu, na mashine huunasa. Katika cha pili, vibandiko hubandikwa kichwani kusoma jinsi mshipa wa kusikia na ubongo vinavyoitikia sauti. Hiki humtaka mtoto awe amelala, kwa hiyo usimwache alale kwenye daladala wala mgongoni njia nzima. Fika naye akiwa na usingizi na njaa, umnyonyeshe pale pale. Aliyekua kidogo hupimwa kwa mchezo: kila akisikia mlio, anatia kete kwenye kopo.

Msiondoke bila karatasi ya matokeo, ile inayoitwa audiogramu, na mwipige picha kwa simu, maana karatasi hupotea. Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida, mkiwa mita moja kutoka kwa kila mmoja, ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu anahitaji msaada pale sikio lake lenye nafuu linapoanza kusikia juu ya desibeli 35.

Nilikosea nini mimi?

Mara nyingi hakuna ulichokosea, na mara nyingi sababu yenyewe haijulikani kabisa. Nchini Marekani zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye upungufu wa kusikia wana wazazi wanaosikia vizuri. Uziwi wa kurithi unaweza kujificha pande zote mbili za ukoo usionekane kwa mtu yeyote, ukajitokeza kwa mtoto huyu. Kwa hiyo kikao cha kutafuta umetoka kwa nani kivunjwe mapema.

Zipo sababu zinazojulikana: rubela kwa mama mwenye mimba changa, mtoto kuzaliwa njiti au kuchelewa kulia, manjano makali siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, sindano kama gentamisini zikitumika kwa kiwango kikubwa, na masikio yanayotoka usaha miaka nenda miaka rudi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayozuilika. Chanjo ya surua na rubela ilianza kutolewa pamoja nchini mwaka 2014, kwa hiyo kadi ya kliniki isikae na mapengo.

Homa ya uti wa mgongo naiweka peke yake. Mtoto aliyepona apimwe masikio ndani ya wiki chache, bila kusubiri apate nguvu, kwa sababu sikio la ndani linaweza kuanza kujaa mfupa, na likishajaa hata upasuaji huwa mgumu.

Akivaa shime sikio atasikia kama sisi?

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa kuwa walitarajia miwani: unavaa, unaona. Shime sikio, au mashine ya sikio kama wengi wanavyoiita, hukuza sauti. Haimwambii mtoto sauti hiyo ni ya nini. Siku ya kwanza anaweza kulia, kushangaa, au asionyeshe dalili yoyote. Mtoto wa miaka miwili aliyevalishwa leo ana umri wa kusikia wa siku moja. Mtoto anayesikia husikiliza mwaka mzima kabla ya neno la kwanza, na huyu naye apewe mwaka wake wa kusikiliza kabla hujamdai maneno.

Mashine ipangwe kwa kufuata audiogramu ya mtoto huyo. Zile za kukuza sauti zinazouzwa bila kipimo ziacheni: hukuza kila kitu sawasawa, na zinaweza kuumiza usikivu kidogo alio nao. Kabla ya kulipa ulizeni mambo matatu: kile kipande laini cha ndani ya sikio kinatengenezwa upya wapi na kwa bei gani, betri zinapatikana wapi, na nani ataipanga tena mtoto akikua. Mashine ya bei kubwa isiyo na mtu wa kuihudumia huishia kabatini.

Na kile kifaa cha kupandikiza kwa upasuaji?

Ni kwa mtoto ambaye sikio lake la ndani limeharibika kiasi kwamba mashine yenye nguvu haimfikishi kwenye sauti za maneno. Daktari huingiza uzi mwembamba wenye ncha za umeme ndani ya koklea, kile kikonokono cha sikio la ndani, na kifaa cha nje kilichoshikwa na sumaku hunasa sauti na kuzipeleka moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Muhimbili walianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa nje, wengi India.

Upasuaji wenyewe ndio sehemu fupi. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, kisha kuna safari za kukipanga tena na tena, na miaka ya mazoezi nyumbani. Anayetoka Tanga ahesabu nauli na malazi ya Dar es Salaam kwa miaka hiyo, asihesabu siku ya upasuaji peke yake. Umri nao una uzito mkubwa: aliyepandikizwa kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wake huipokea sauti vizuri zaidi kuliko wa miaka saba ambaye hajawahi kusikia.

Anaivua na kuitupa. Tufanyeje?

Kila mtoto huivua. Jua kwanza kama inamuumiza: tazama wekundu nyuma ya sikio na ndani yake. Kama hakuna, mvalishe tena kwa uso wa kawaida, bila ugomvi na bila pipi, umpe mara hiyo kitu chenye sauti anachokipenda. Akivua, mvalishe. Mwanzoni itakuwa mara nyingi mno kwa siku. Ifunge kwa uzi na kipini mgongoni mwa nguo, pale mkono wake usipofika. Wasichana husaidika kwa mtandio, mradi usifunike kinasa sauti.

Lengo ni avae muda wote akiwa macho, isipokuwa anapooga au anapoogelea baharini. Anayevaa kwa muda wa saa mbili tu jioni, baba akirudi, anasikia saa hizo mbili tu za siku nzima.

Ikipiga mluzi ikiwa imekaa vizuri, mara nyingi sikio limekua na kile kipande hakijai tena. Kwa mtoto mchanga kinaweza kuhitaji kutengenezwa upya kila miezi miwili mitatu.

Joto la Tanga linaharibu mashine?

Jasho na unyevunyevu ndivyo vinavyoziua, na hapa pwani tunavyo vyote. Usiku toa betri, acha mlango wa betri wazi, futa mashine kwa kitambaa kikavu, kisha iweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Vifuko hivyo hushiba unyevu, kwa hiyo vibadilishwe mara kwa mara. Mchele nisingeupendekeza, una vumbi. Usianike mashine juani wala usiiweke kwenye friji. Ukiona matone ndani ya kile kimpira cha bomba kinachopeleka sauti sikioni, toa kimpira upulize. Sauti ya mtoto ilikuwa imezibwa hapo.

Betri za mashine hizi huwa na kibandiko cha rangi, mara nyingi cha machungwa au cha buluu kwa mashine za watoto. Zinafanya kazi kwa hewa. Ukishabandua kibandiko, acha dakika moja au mbili kabla ya kuiweka, na ujue kwamba kukirudisha hakusimamishi matumizi. Na tafadhali, mlango wa betri uwe na kufuli. Mtoto akimeza betri yoyote ya kitufe, mkimbize hospitali papo hapo, hata kama anacheza na kucheka. Usimtapishe. Betri ya kitufe ikikwama inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

Nizungumze naye vipi?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake halihitaji chumba maalumu wala midoli ya dukani. Linahitaji ukae karibu. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 mahali pa wazi. Ukimwita kutoka uani akiwa sebuleni, mashine humletea feni, televisheni na mwangwi wa kuta, na maneno yako hafifu katikati yake. Ukiwa umechuchumaa kando yake, chini ya mita moja, upande wa sikio lenye nafuu, umempa sauti bora kuliko mashine yoyote ghali. Zima televisheni isiyotazamwa na mtu. Feni najua haizimiki mwezi wa Januari, basi igeuze.

Usipige kelele. Kelele huzipa nguvu irabu na kuzimeza konsonanti, na uso wako unakuwa wa mtu aliyekasirika. Sema kawaida, wazi, kwa mapigo ya Kiswahili chetu, sentensi nzima fupi. "Maji" peke yake, mara kumi, haimfundishi kusema. "Nakupa maji", "maji ya baridi", "umemwaga maji" zinamfundisha.

Kisha sikio litangulie jicho. Tazama mama mmoja wa Makorora na mwanawe wa miaka mitatu. Mama amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Mtoto yuko kando, anachezea kifuu. Mama anakuna mara nne, anasimama. Anagusa sikio lake mwenyewe: "Umesikia?" Anakuna tena, *kwaru, kwaru*, mtoto bado hajatazama. Anasimama. Mara ya tatu mtoto anainua kichwa.

"Ee, umesikia! Nakuna nazi." Sasa ndipo anamwonyesha kifuu na machicha mkononi. Kisha anarudi kwenye sauti: "Nakuna nazi. Tutapika wali wa nani?"

Halafu ananyamaza. Anamtazama mtoto kwa uso wa kungoja, haongezi neno, hamjibii. Zinapita kama sekunde kumi, ambazo kwa mtu mzima ni ndefu kweli kweli. Mtoto anasema, "Ba."

"Wa baba! Wali wa baba. Na wa nani tena?"

Masikio kwanza, macho baadaye, masikio tena, kungoja, na kulipokea neno lake bovu, kulirudisha likiwa zima na kulirefusha kidogo. Hamwambii "sema baba, sema vizuri". Mtoto anayedaiwa kurudia kila neno hugundua haraka kwamba kuzungumza ni mtihani, akaacha.

Huko kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Shangazi aliyekuja kusalimia atamjibia, ndugu zake watamjibia. Mtoto huyu anahitaji muda mrefu zaidi wa kuipanga sauti kichwani kabla ya kujibu, na nyumba iliyojaa watu wenye upendo humnyang'anya muda huo bila kujua. Waambieni wageni mlangoni kabisa.

Maisha ya hapa yana mazoezi ya bure. Mtu akibisha "Hodi!", zuia kila mtu asijibu, mwambie mtoto "Umesikia? Nani huyo?", mwende pamoja mlangoni kusema "Karibu". "Shikamoo, bibi" na "marahaba" ni zamu ya kusema na kungoja, mara kadhaa kwa siku. Muuza kahawa akipita anagonga vikombe, ni sauti nyembamba nzuri ya kutafuta. Adhana, kengele ya baiskeli, mvua ya kwanza kwenye bati. Akifika miaka minne au mitano, vitendawili vya jioni: "Kitendawili!" "Tega!" Hapo anasikiliza bila kitu chochote cha kutazama.

Nitajuaje kila asubuhi kwamba mashine inafanya kazi?

Taa au mluzi havitoshi. Tumia sauti sita alizozipanga Daniel Ling, mtaalamu aliyefanya kazi Kanada: mm, uu, aa, ii, sh, s. Zimechaguliwa kwa sababu zinapita kutoka sauti nene kabisa za usemi hadi zile nyembamba kabisa, na bahati yetu ni kwamba zote zimo katika Kiswahili. Kaa kando yake, funika mdomo kwa mtandio uliolegea au simama nyuma yake, sema moja moja kwa sauti ya kawaida, ukizichanganya na ukibadilisha muda wa kusimama kati yake, la sivyo atakariri mpangilio. Mdogo atageuka tu au atatia kete kwenye kopo. Mkubwa ataitamka.

Ikiwa jana alizisikia zote na leo hasikii "s" na "sh", badili betri, angalia kimpira, angalia nta. Zikiendelea kukosekana, ni safari ya kliniki. Irabu zetu zina nguvu na karibu kila silabi inaishia nazo, kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana anafuata mazungumzo kumbe konsonanti nyembamba hazimfikii. Na "s" kwetu imebeba makatazo na ukanushi: "usiguse", "usile", "sitaki", "sijui". Asiyeisikia hupata "u-iguse", akagusa, akachapwa kwa ukaidi. Kabla ya kumwita mkaidi, mpime sauti sita.

Nyumbani tunasema Kisambaa, mtaani Kiswahili, chuoni (madrasa) Kiarabu. Tuache zote tubaki na moja?

Si lazima. Zungumza naye lugha unayoijua hadi utani wake. Bibi wa Lushoto anayelazimishwa kusema Kiswahili cha kusitasita humpa mtoto maneno machache, na mtoto huyu anahitaji mengi. Wako watoto wenye mashine wanaokua na lugha mbili vizuri. Kidigo, Kibondei, Kizigua, hali ni hiyo hiyo.

Lugha ya alama itamfanya asiseme?

Haitamfanya. Ishara hazizuii mdomo, na nitasema msimamo wangu wazi: kibaya kuliko vyote ni mtoto kufika miaka mitano akiwa hana lugha yoyote, kwa sababu wazazi walikuwa wakisubiri maneno ya mdomo peke yake. Kama upotevu wake ni mkubwa sana na upandikizaji hauonekani karibuni, au kama amevaa mashine kutwa kwa mwaka na maneno hayaji, anzeni Lugha ya Alama ya Tanzania, familia nzima pamoja. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ni mahali pa kuuliza. Mtoto mwenye mashine hatasikia akiwa anaoga, akiwa baharini, wala betri ikiisha usiku, na hata msemaji hodari hunufaika kwa kuwa na njia nyingine ya kusema.

Sikio linatoka usaha. Aendelee kuvaa?

Livue sikio hilo, abaki na jingine, na mpeleke hospitali. Wakati mnangoja, likausheni kwa utambi wa kitambaa safi cha pamba: ingiza, uache unyonye, utoe, weka mwingine, mpaka utoke mkavu. Asiogelee. Vijiti vya pamba na unyoya wa kuku vikae mbali. Usaha unaorudi rudi huchimba kiwambo cha sikio, na huo ni upotevu wa kusikia ambao mara nyingi ungezuilika.

Chuoni na shuleni watampokea?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma na wenzake. Kinachobaki ni kuongea na mwalimu kabla, wala usingoje mwezi upite. Akae mbele, kando kidogo, sikio zuri likielekea kwa mwalimu, mbali na dirisha la barabarani. Mwalimu asizungumze akiwa ameupa darasa mgongo anaandika ubaoni. Mvua kubwa ikipiga bati mtoto hatasikia chochote, basi apewe kazi ya kuandika hadi ipungue. Chuoni, ambako watoto wote husoma kwa sauti kwa pamoja, mwombe ustadhi amsomeshe akiwa karibu naye, peke yake, hata kwa dakika chache. Wengi hukubali wakielezwa.

Usiulize mtoto "umeelewa?" Atasema ndiyo. Muulize, "Mwalimu amesema mlete nini kesho?"

Kuna harusi, muziki mpaka usiku. Nimvue?

Mashine iliyopangwa vizuri ina kikomo cha sauti, haitampasua sikio. Ila mbele ya spika kubwa hakuna anachojifunza. Mkae mbali na spika: kama wewe mwenyewe inakubidi upige kelele kusikika na aliye ubavuni, mmekaribia mno, na hilo ni kwa masikio ya wote. Wapo wanaomvua mtoto shereheni kwa ajili ya picha. Mwacheni avae, na picha ipigwe na mashine yake.

Wangu ana miaka sita, hana neno hata moja. Tumechelewa?

Kwa usemi wa kawaida wa kila siku, kazi itakuwa nzito na pengine hautakamilika. Kukuambia vinginevyo ni kukudanganya. Kwa lugha, hapana. Apimwe, avalishwe kama ana usikivu unaosaidika, na alama zianze wiki hiyo hiyo bila kusubiri mashine ionyeshe kitu. Wapo watakaopata maneno ya kutosha ya sokoni na nyumbani, wapo watakaotambua sauti za hatari tu, honi ya bodaboda na mtu anayewaita kwa nyuma, na wote wanaweza kusoma na kuandika. Nenda kliniki na orodha ya unayoyaona: anageuka kwa sauti gani, kutoka umbali gani, anatumia ishara gani za nyumbani kuomba maji, kukataa, kumtaja baba. Hizo ishara zake mwenyewe mwandikie mtaalamu zote.